Mbuzi wa Wafadhili

Mbuzi yule nilimnunua mimi. Nasema mapema ili asitafutwe mtu mwingine wa kulaumiwa. Nilimnunua mnadani kwa fedha ya mchezo wetu wa kina mama wa kuchangiana na kupeana, zamu niliyoisubiri miezi minane huku nimepanga kuezeka upya jiko langu. Nikamvuta kwa kamba mwenyewe hadi kwetu Nyasubi, hapa Kahama mjini, yeye akienda kulia na mimi kushoto. Majirani wakaniuliza kama naozesha binti. Nikawajibu naozesha ishirini na watatu kwa mpigo mmoja, na tulicheka sana siku hiyo.

Hao ishirini na watatu walikuwa watoto wa kituo, na mimi nilikuwa mpishi wao, wenyewe wakiniita Bibi. Kituo chenyewe ni jina kubwa tu. Ilikuwa nyumba ya kupanga ya vyumba vitano nyuma ya soko, na jiko la nje lililoezekwa kwa mabati yaliyotoboka. Watoto walitolewa stendi ya Kahama, au kwenye vibanda vya sokoni, na wengine walitoka machimboni upande wa Geita. Fedha ilitoka ng'ambo. Kulikuwa na shirika la huko lililolipa pango, unga, sare, mwalimu wa jioni, mlezi aliyelala na watoto, na mshahara wangu, ambao sitautaja kwa sababu mtadhani natania. Kati yao na sisi alikuwepo mratibu, kijana msomi mwenye pikipiki na begi la kompyuta mgongoni, aliyeniamkia shikamoo mama kila asubuhi bila kukosa. Si mtu mbaya. Nitamsema sana hapa, kwa hiyo hilo naliweka wazi.

Kabla ya kituo nilikuwa mama lishe mwaloni, pale wachimbaji wanapoosha mchanga wakitafuta dhahabu. Nilifikaje huko? Mume wangu alikwenda Geita kutafuta dhahabu, akapata mke. Nilipomfuata kumuuliza vizuri nikakuta hana dhahabu wala haya, nikasema basi, kwa kuwa nauli ya kurudi kwetu Ushirombo sina, ngoja nipike. Nilipika miaka sita. Jirani nami palikuwa na lundo la mawe yanayotupwa na mgodi, wenyewe wanayaita magwangala, na watoto walilipanda na viroba wakichagua jiwe moja moja, kisha wakayaponda kwa nyundo siku nzima, vumbi limewakaa kwenye kope. Mchana walikuja kwangu na sarafu zao. Niliwauzia ugali. Watoto wa miaka minane, tisa, waliotakiwa kupewa ugali na mtu, mimi niliwauzia, na sarafu ikipungua nilipunguza mboga. Hilo linaniuma hadi leo. Niliposikia kuna kituo Kahama kinatafuta mpishi, sikuuliza hata malipo.

Sasa kulikuwa na binti mmoja. Siku aliyoletwa kituoni alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alimng'ata mlezi wetu mkono alipotaka kumvua gauni aoge. Mama yake alimwacha machimboni akiwa na miaka saba, akaondoka na mwanamume aliyesema anajua mahali penye dhahabu zaidi. Binti akaponda mawe, akaona hailipi, akadandia lori la mkaa hadi Kahama, akahamia stendi. Kwetu, miezi miwili ya kwanza alificha chakula chini ya godoro mpaka panya wakatuhamia. Nilimgombeza, akanitazama tu. Nikaacha kugomba, nikawa kila jioni nampa kipande cha muhogo cha kuficha, mkononi, rasmi kabisa. Baada ya wiki tatu akaniambia nisimpe tena, kinamchafulia shuka.

Hesabu ndizo zilizomshika. Walimrusha madarasa, na akiwa na miaka kumi na mitano alikuwa darasa la saba, mrefu kuliko mwalimu wake, akikaa dawati moja na watoto wa miaka kumi na miwili bila kuona aibu hata kidogo. Mtu akimwita mtoto wa mtaani, anauliza mtaa upi, maana yeye mtaa wake ni Nyasubi na anamjua mwenyekiti wake. Alitaka kitu kimoja tu, kufanya mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa. Huko alikotoka hakuna mtoto aliyemjua aliyewahi kuufikia. Aliandika siku zilizobaki ukutani kwa mkaa, akawa anazifuta moja moja. Nikamkataza kuchafua ukuta wa watu, akahamia nyuma ya mlango.

Miguuni pake alilala mdogo mmoja wa kike, wa miaka kama minane hivi, maana siku yake ya kuzaliwa haikujulikana. Huyu mdogo alimfuata binti kila mahali, hata chooni alimsubiri mlangoni. Walitoka stendi ileile. Alimwita dada, na kwake neno la dada lilikuwa amri.

Basi mratibu akatuambia wageni wanakuja, watu wa shirika wenyewe, waone kazi kabla ya kuamua kama wataendelea kutoa fedha miaka mingine mitatu. Akasema tusibadilishe chochote, waone hali halisi. Nilimsikia vizuri sana. Lakini jamani, mtu akikwambia anakuja kwako na usifagie, si ndiyo utafagia mara mbili?

Kwetu Ushirombo, mgeni akionekana njiani mama yangu alipitia mlango wa nyuma kwenda kukopa kuku kwa jirani. Baada ya hapo tutakula michembe wiki nzima, vile viazi vilivyokaushwa, asubuhi na jioni, lakini mgeni ataondoka amekula kuku. Sisi watoto tulikatazwa kutazama sahani yake. Tulikatazwa kuomba kuongezewa. Akituuliza kama tumeshiba, tumeshiba. Mtoto aliyemtajia mgeni njaa ya nyumbani alichapwa mgeni akishaondoka, na mama alimchapa huku machozi yanamtoka, maana aibu ile ilikuwa yake.

Hayo ndiyo niliyolelewa nayo na ndiyo niliyowafundisha watoto wa kituo. Tuliwanyoa. Mimi na mlezi tuliwasugua kwa sabuni hadi wakalalamika, tukawapaka mafuta mpaka miguu ikang'aa. Sare zikapigwa pasi ya mkaa. Mbuzi akachinjwa na jirani, nikapika pilau, nikakaanga nyama, nikakata kachumbari, na soda nikazikopa dukani kwa kreti. Mratibu alipofika na pikipiki yake akaona yote hayo, akashika kichwa. Lakini gari la wageni lilikuwa nyuma yake.

Walikuwa wawili, mama wa Kizungu mtu mzima, mpole, na kijana Mtanzania wa ofisi yao ya mjini aliyekuwa akimtafsiria. Watoto wa kike walipiga goti kidogo kuamkia, kama nilivyowaelekeza. Mama wa Kizungu alikula vizuri, akaongeza na mchuzi, na mimi nikamwona ni mtu wa maana. Kisha akamgeukia binti yetu na kumuuliza, kupitia kwa yule kijana, siku nyingine huwa wanakula nini. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Binti akanitazama. Akasema wanakula vizuri, wanashiba. Kijana akauliza tena, jana mlikula nini hasa?

"Wali na nyama," akasema binti.

Jana walikula michembe ya kuchemsha na karanga. Juzi pia. Sukari ya uji ilikuwa imekwisha tangu Jumatatu. Lakini binti aliyekuwa anaficha muhogo chini ya godoro sasa alikuwa ameketi wima mbele ya wageni, akiisitiri nyumba yake kama alivyofundishwa, na mimi pale mlangoni nilivimba kifua. Mpumbavu mimi, nilijivuna kabisa.

Barua ilifika baada ya wiki tano. Mratibu alikuja kunisomea jikoni, amesimama. Shirika lilifurahi mno kuwaona watoto wana afya na lishe nzuri. Kwa sababu hiyo waliona ni haki fedha ipelekwe mahali penye uhitaji mkubwa zaidi. Wangetulipia hadi mwisho wa mwezi wa sita, na wanatushukuru kwa ukarimu wetu. Nikahesabu haraka kichwani, sita, saba, nane, tisa. Mtihani ulikuwa mwezi wa tisa.

"Mama," mratibu akasema, "umewafukuza wafadhili kwa pilau."

Hakupaza sauti, na angepaza ingekuwa nafuu. Nilikaa kwenye kigoda, mwiko mkononi, nisijue niuweke wapi. Mimi ambaye mdomo wangu hauna breki, siku hiyo nilinyamaza mpaka ugali ukaungua.

Mratibu hakukata tamaa, na kwa hilo nampa haki yake. Aliandika, akapiga simu, akabembeleza. Mwishoni wakakubali kumrudisha yule kijana mtafsiri kwa siku moja, na safari hii na mpiga picha, ili wathibitishe. Mratibu akaja na mpango. Magodoro yote, isipokuwa mawili, yafichwe chumbani kwa mlezi. Watoto wasioge siku tatu. Viatu viwekwe stoo. Akaleta kiroba cha nguo zilizochanika, sijui alizipata wapi, zilikuwa zinanuka mafuta ya taa. Na binti yetu, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye aliyesema wali na nyama, ndiye atakayesimulia maisha yake mbele ya kamera, tangu mama alivyoondoka, na akiweza alie.

Nikamwambia hiyo ni aibu. Akaniuliza kitu kimoja tu, kwa upole, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama, wewe unataka heshima, au unataka mtoto afanye mtihani?"

Msinione shujaa, nilikubali. Magodoro matatu niliyabeba mimi, kwa kichwa changu. Viatu nilivipanga stoo mwenyewe, jozi kwa jozi. Nilijiambia mbuzi wangu ndiye aliyetufikisha hapa, basi acha niumeze huu uchungu, mtoto asome. Kwa siku mbili sikuwatazama watoto usoni, niliwapakulia huku nimeinamia sufuria.

Alasiri ya siku moja kabla ya ugeni, mratibu alimkalisha binti uani kumfanyisha mazoezi. Niliwasikia toka jikoni. Alimwambia aanze na machimbo, kisha mama, kisha stendi, na akifika kwa mama anyamaze kidogo. Binti alisema sawa. Alisema kwa sauti ileile anayotumia kumjibu mwalimu wa hesabu. Mratibu alipoondoka kwenda kujaza mafuta, binti akaja jikoni na yule mdogo wake kamshika nyuma ya gauni. Alikuwa ameshavaa moja ya zile nguo za kirobani, bega moja liko nje. Aliona nimekunja uso, akachuchumaa karibu yangu.

"Usihangaike, Bibi. Nitalia vizuri," akaniambia. "Stendi nilikuwa nalia kwenye madirisha ya mabasi kila siku, hiyo ilikuwa kazi yangu. Ukijifinya hapa kwa ndani, yanakuja yenyewe. Na huyu nimeshamkumbusha."

Akageuza mkono wa yule mdogo anionyeshe. Kwa ndani, juu ya kiwiko, palikuwa na alama tatu nyekundu, mpya. Mdogo akatabasamu, amefurahi kwamba amejua somo.

Niwaambie nilivyojisikia? Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka minne tumemtoa mtoto huyu stendi. Miaka minne ya uji, sabuni, daftari, malaria, kumngoja mlangoni akichelewa. Halafu tunamrudisha kwenye dirisha la basi, basi lenyewe kubwa zaidi, na safari hii sisi ndio tunaomsukuma mgongoni. Na hakulalamika! Angelalamika ningevumilia. Aliona ni kazi kama kazi nyingine, alinionea huruma mimi.

Nilikichukua kile kiroba, nikakitia chote chini ya sufuria. Zile nguo zilishika moto mara moja na kutoa moshi mweusi, majirani wakachungulia juu ya ukuta wakidhani jiko limeungua. Nikamwambia binti avue hilo alilovaa, nalo likafuata. Kisha nikaenda kwa mlezi, nikaanza kutoa magodoro. Mlezi alishika upande wa pili. Tulikuwa kwenye godoro la saba mratibu aliporudi. Alisimama uani na kofia yake ya pikipiki mkononi, akatazama moshi, akanitazama mimi.

"Mama, unajua unachofanya?"

"Sijui," nikamjibu. "Lakini huyu halii. Kama mnataka wa kulia, pigeni picha mimi."

Kesho yake watoto wote waliogeshwa. Yule kijana alifika saa nne na mpiga picha wake. Safari hii sikupika pilau. Nilimkalisha mezani, nikamwekea sahani ya michembe ya kuchemsha na karanga, na kikombe cha uji usio na sukari, nikakaa mbele yake. Mratibu alikuwa amesimama ukutani, amekata tamaa kiasi kwamba hakujaribu hata kunizuia. Nilimwambia kijana kwamba siku ile tulimdanganya, na waliodanganya si watoto, ni mimi. Mbuzi alikuwa wangu. Siku ile yeye alikuja kama mgeni, na kwetu mgeni hatajiwi njaa. Leo amekuja kukagua, basi ale tunachokula. Akala. Alikula sahani yote, sitamnyima sifa hiyo, na akasema bibi yake wa Mhunze alikuwa akimpikia hivyohivyo.

Nilipoona amekula nikampa vidonge vyake. Nilimwambia, "Hawa walikuwa wachafu stendi bure, bila senti yenu moja. Fedha yenu ndiyo iliyowasafisha. Sasa mtawalipa ili wawe wachafu tena?"

Akasema ananielewa, hata yeye hapendi, lakini watu wa kule wanaotoa fedha ni watu wa kawaida, wazee wengine wa pensheni, wako mbali, hawawezi kuona kila kitu. Wanatoa wakiona machozi. Nikamwambia basi waone hesabu. Nikamwita binti alete daftari lake, na alileta matatu. Kijana akafungua kurasa, akamuuliza swali la sehemu, binti akajibu kabla hajamaliza kuuliza. Akamuuliza jingine, gumu, na yeye mwenyewe akakosea jibu lake, binti akamsahihisha kwa heshima zote. Mpiga picha akacheka. Akapiga picha ya daftari, ukurasa wenye tiki nyingi za kalamu nyekundu, na picha nyingine ya binti akiwa ameketi, amefunga mdomo, anatazama kamera kama anayeisubiri imalize. Wakaondoka. Alipofika getini yule kijana alirudi kunipa mkono, na nikajua kwa jinsi alivyoushika kwamba hatutapata kitu.

Hatukupata. Barua ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Mwisho wa mwezi wa sita mwenye nyumba akaja na kufuli mpya. Watu wa ustawi wa jamii walijitahidi, wengi wakapelekwa kwa ndugu, wengine kituo cha masista, mvulana mmoja mkubwa akachukuliwa na fundi wa kuchomelea. Yule mdogo alipatiwa mjomba wake, mbali huko vijijini. Siku anaondoka alimshikilia binti kiunoni, ikabidi anyofolewe vidole. Mratibu alipata kazi mkoa mwingine. Aliniaga vizuri, akaniambia kwamba kama ningekaa kimya siku moja tu, wote ishirini na watatu wangekuwa bado wanalala kwenye magodoro yao. Sikumjibu. Nimekuwa namjibu tangu siku hiyo.

Binti nilimchukua mimi, pamoja na wengine watatu ambao ndugu zao hawakupatikana. Nina vyumba viwili na jiko lililovuja, lile lile la tangu zamani. Nilianza kupika tena, safari hii hapahapa sokoni, chai na maandazi alfajiri, ugali mchana. Nilijiapiza mtoto asiye na sarafu hatapunguziwa mboga. Watu walisema nitakwama kabla ya mwezi wa nane. Shoga zangu wa mchezo walinicheka mbele yangu, kisha wakabadilisha utaratibu wakanipa zamu ya karibu bila mimi kuomba. Mwalimu wa jioni aliendelea kuja Jumanne na Ijumaa, analipwa maandazi. Nani kasema hapa kwetu hatuna wafadhili?

Mwezi wa tisa binti alifanya mtihani. Siku mbili. Nilifunga biashara siku zote mbili nikampeleka mwenyewe hadi getini, ijapokuwa aliniambia ananiaibisha, mwanafunzi mrefu kama yeye kusindikizwa na bibi. Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu, na hivi ninavyosema yuko kidato cha pili na ananisahihisha chenji. Lakini kinachonikalia kooni ni jioni ya ile siku ya pili, tulipokuwa tunarudi.

Tulipita stendi kwa sababu alitaka soda, na siku hiyo angetaka ng'ombe ningemtafutia. Alikuwa anaongea mfululizo, swali hili nilifanya hivi, lile nililiacha nikarudi. Ghafla akasimama. Kwenye basi la Mwanza, chini ya dirisha, alikuwa amesimama yule mdogo. Amekonda. Gauni alilokuwa amevaa ni lile tulilompa kituoni, pindo limefumuka lote. Alikuwa amenyoosha mkono mmoja kwenye dirisha na analia, na mkono wa pili ulikuwa kwapani kwa ule wa kwanza, unafinya.

Alipotuona machozi yalikatika hapo hapo. Akaja mbio, akaniamkia vizuri, shikamoo Bibi, kama nilivyomfundisha. Kwa mjomba alikaa wiki tatu, akasema, huko kulikuwa na ng'ombe wengi na watu wengi na hakuna aliyemwita kwa jina. Akarudi kwa lori. Kisha akamtazama dada yake mwenye sare safi na rula mkononi. Hakuwa na kinyongo. Aliuliza tu, kwa kutaka kujua.

"Dada, si ungelia tu?"

Mimi nina majibu ya kumpa mratibu, na ya barua mbili, na ya mtaa mzima wa Nyasubi. La kumpa yule sikuwa nalo, na sina hadi leo. Kama nilikosea, basi niliyemkosea alikuwa amesimama mbele yangu na alama za kucha mkononi, mpya juu ya za zamani. Na bado naapa, ukinirudisha uani siku ile, kile kiroba nakichoma tena.

Binti alikuwa ameshapiga magoti kwenye vumbi, na sare yake ya mtihani. Aliushika ule mkono, akausugua pale penye alama kwa kidole gumba, taratibu.

"Hapana," akamwambia. "Na wewe usijifinye tena." Halafu akainua uso kwangu. "Bibi, chumba chetu tutabanana."

Hakuniuliza. Alinieleza. Nilifungua khanga yangu kiunoni, nikainama, nikamwambia yule mdogo apande mgongoni. Alikuwa mkubwa mno kubebwa, miguu yake ilinigonga magotini kila hatua, na watu madirishani, wale wale aliokuwa anawalilia, wakatoa vichwa kututazama. Nikawaacha watazame.